Maji ya Mvua kwa Mawe ya Mzee

Siku ya kwanza mzee alinirudisha kwa mfereji kunawa mara tatu. Nilikuwa nimejipaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa kama mtu anayeenda kupigwa picha, na yeye hakutaka mafuta, sabuni wala losheni ikaribie maji yake. Nikanawa, akaninusa mikono, akanirudisha. Mara ya tatu akasema sawa, sasa unanuka kama mtu, njoo uone.

Alichotaka nione kilikuwa sebuleni, pale ambapo majirani zake wa Milimani huweka televisheni kubwa. Tangi la kioo, refu kama kitanda, limejaa maji ya chumvi, taa ya buluu juu yake, na ndani samaki wachache katikati ya mawe. Ndivyo nilivyofikiri, mawe. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuosha matangi ya samaki wa maji baridi, wale wa rangi ya dhahabu, kwa hoteli mbili na kinyozi mmoja hapa Nakuru mjini, kwa hivyo mawe ya urembo nilikuwa nayajua. Nikamuuliza mzee haya yake ameyapaka rangi gani, mbona hayachujuki. Alicheka mpaka akashika nyonga yake mbovu.

"Hao ni wanyama," akasema. "Kila kichwa unachokiona ni mdomo."

Akashika kipande kidogo cha uduvi kwa koleo refu, akakigusisha kwenye kichwa kimoja. Vidole vya kijani vikakishika, vikajikunja, kipande kikapotea. Mimi nikasahau kufunga mdomo. Nina miaka ishirini na tatu, nimezaliwa Bahati, nje kidogo ya mji, bahari sijawahi kuiona kwa macho, na jiwe lilikuwa limekula mbele yangu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa nimeshapanga maisha yote. Nitafungua duka Nakuru lenye bahari ndani, watoto wa shule waletwe kwa foleni, na mimi nisimame mlangoni nikiwanusa mikono.

Kwa Kiswahili cha vitabu wanyama hao huitwa matumbawe. Mimi na soja wa getini tuliyaita mawe ya mzee, na mwenyewe akazoea. Alikuwa amestaafu kutoka mitambo ya mvuke kule Olkaria, ambako kazi yake miaka yote ilikuwa kupima maji yanayotoka chini ya ardhi kabla hayajala mabomba. Alikuwa na tabia ya kutazama glasi ya maji kwa muda kabla ya kuinywa, kama mtu anayesoma barua. Hakuna maji matupu, aliniambia, kila maji yamebeba kitu, swali ni kitu gani.

Katikati ya tangi, juu ya mwamba mrefu kuliko yote, kulikuwa na tumbawe lenye vichwa kumi na kimoja. Kila kichwa kilitoa vidole vyenye ncha kama nyundo ndogo, kijani kwa chini na dhahabu juu, vikicheza na mkondo wa pampu. Alilipata likiwa na kichwa kimoja, akalileta Nakuru kwa ndoo aliyoipakata mapajani njia nzima, na kwa miaka tisa kichwa kimekuwa kikigawanyika, viwili, vitatu, mpaka hapo. Mkewe alikuwa amefariki wakati lina vichwa vinne. Hilo alinitajia mara moja tu, akihesabu, na sikumuuliza zaidi.

Nyonga yake ilikuwa lazima ipasuliwe, na bintiye aliyeko ng'ambo alitaka afanyiwe hukohuko, akae naye miezi mitatu. Ndiyo maana alinitafuta. Kwa miezi miwili kabla ya kusafiri alinifundisha, na mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa gredi ambayo mama hajaitundika ukutani, nilijaza daftari mbili. Maji yakipungua kwa joto, chumvi haiendi popote, inabaki, kwa hivyo unachoongeza kila asubuhi ni maji yasiyo na chumvi. Ukiongeza ya chumvi utawakausha wakiwa majini. Kila wiki unatoa sehemu ya kumi ya maji na kuweka mapya, na hayo mapya huyakorogi na chumvi leo na kuyamwaga leo, unayaacha kwenye pipa na pampu yazunguke siku nzima. Kuna kifaa kama darubini ndogo cha kupimia chumvi. Kuna chupa za matone zinazobadilisha rangi ya maji, moja ya uchafu wa samaki, moja ya chokaa ambayo tumbawe linajengea mifupa, na nyinginezo. Usifukuzane na namba, alisema. Tumbawe linaweza kuvumilia namba mbaya kidogo iliyotulia. Haliwezi kuvumilia mtu mwenye haraka.

Na maji yote, ya kuongeza na ya kukoroga, yalikuwa lazima yapite kwenye mashine ya kuchuja iliyokuwa imefungwa jikoni. Usitumie ya mfereji, usitumie ya kisima. Niliandika hivyo kwa herufi kubwa na kupigia mstari.

Asubuhi ya kuondoka alisimama mbele ya tangi na mkongojo wake, koti tayari mwilini. Akaniambia hao samaki hata wakila kochi ni sawa, lakini hili, na akaonyesha lile la vichwa kumi na kimoja, nikirudi nataka nilikute limefunguka. Nikasema utalikuta, mzee. Nilisema kwa urahisi kama mtu anayeulizwa kama atakula chapati.

Wiki nne za kwanza nilikuwa na raha ambayo sijui niielezeje. Nilifungua pazia, nikawasha taa, vichwa vikaamka polepole kama watoto siku ya Jumamosi. Niliwaimbia. Nilimweleza soja mambo ya chokaa mpaka akanihama, akaenda kukaa upande ule mwingine wa geti. Alikuwa mtu wa Dundori, mkulima wa waru, yaani viazi, aliyekuja mjini kulinda watu wenye vitu, na kila asubuhi alikuwa na neno.

"Niaje daktari wa mawe. Wagonjwa wamelalaje?"

Nikamwambia wamelala poa kuliko yeye. Akasema kwao shambani mawe ni ya kutolewa yarushwe kando ya barabara, na hapa yanapewa mshahara wa taa.

Wiki ya tano mifereji ya mtaa ikakauka, na siku ya tatu bila maji soja alifungulia yale ya kisima cha ploti yaingie kwenye tangi la nyumba. Hakukosea, watu walihitaji kuoga. Lakini maji ya kisima chetu ni magumu, na mashine ya mzee iliyanywa siku mbili ikaziba. Fundi akaja, akaifungua, akaniambia kile kichujio cha ndani kimekufa na kingine lazima kitoke Nairobi. Nairobi wakasema wiki tatu. Nikaangalia pipa langu la maji safi, yalikuwa yamebaki ya siku mbili.

Hapa lazima niseme kuhusu meno yangu. Ni ya hudhurungi, yana mistari, kama ya watu wengi tuliokulia huku kwetu. Ni maji ya kisima, yana floraidi. Mama alinipa hayo nikiwa mtoto kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo, na ndiyo yaliyoonekana masafi, yanatoka chini, yako baridi. Meno ya ukubwani yalipotoka yakiwa hivyo, mama alilia, halafu akaanza kukinga mvua. Wadogo zangu wote wawili walikunywa maji ya mvua peke yake na wana meno meupe ya kuudhi. Kwetu maji ya mvua ndiyo ya mtoto mchanga, ya mgonjwa, ya chai ya mchungaji. Mwaka huu mama aliuza ndama wawili akaezeka upya nyumba nzima kwa mabati meupe, akanunua na tangi kubwa, na chini ya tangi fundi akamwekea mfereji wa shaba wa kuchotea, unaometa kama kengele. Mama aliupangusa kwa kitambaa. Mgeni akija alionyeshwa mfereji kabla ya kukaribishwa kiti.

Kwa hivyo nilipokosa maji ya mashine sikufikiria hata dakika mbili. Nilimpigia mama.

Alifurahi sana. Aliosha mitungi kwa mchanga na maji, bila sabuni, kama nilivyomwagiza, akaijaza, na pikapu inayoteremsha maziwa kutoka Bahati asubuhi ikaniletea mitungi minane getini. Soja akanisaidia kubeba. Akasema hajawahi kuona mawe yakiletewa maji ya mvua na pikapu wakati binadamu wanachota kwa ndoo. Niliyapima yale maji kwa kila chupa ya matone niliyokuwa nayo. Hayakuwa na uchafu wowote. Yalikuwa laini, safi, matone yalikaa bila rangi kabisa. Niliandika kwenye daftari: maji ya mama ni bora kuliko ya mashine.

Siku ya nne nilimkuta kamba mdogo aliyeishi kati ya mawe, mwenye mstari mweupe mgongoni, amelala ubavu kwenye mchanga. Nilidhani anabadilisha ganda, huwa wanafanya hivyo. Siku iliyofuata konokono wanaosafisha kioo walikuwa wameanguka wote, miguu juu, na nilipowageuza mmoja mmoja kwa koleo walianguka tena. Samaki walikuwa wanaogelea na kula kama kawaida, wananiomba chakula. Nikapima. Chumvi sawa. Joto sawa. Chokaa sawa. Kila namba ilikuwa vile mzee alivyoniachia.

Kisha kichwa kimoja cha lile kubwa hakikufunguka.

Nilimwambia soja labda kimechoka. Siku mbili baadaye vilikuwa vitatu. Vidole vilisinyaa vikajificha, na nyama ikaanza kujitenga na mfupa kwa pembeni, unaona weupe, kama ufizi ulioachana na jino. Nikafungua daftari ukurasa wa matumbawe yanapougua. Mzee alikuwa ameniandikisha mstari mmoja tu: ukiona shida na hujui ni nini, badilisha maji kidogo, maji mazuri hayajawahi kuua mtu. Nikabadilisha. Nilikuwa na maji mazuri ya kutosha. Nikabadilisha sehemu ya tano, siku tatu baadaye tena, kwa maji ya mama, yaliyokorogwa na chumvi siku nzima, yenye joto sawa, kila kitu kwa utaratibu. Na kila nilipobadilisha, kesho yake kilikuwa kimeondoka kichwa kingine. Nyama iligeuka utelezi wa kahawia, ikachukuliwa na mkondo, ukabaki mfupa mweupe wenye mikunjo, msafi, unaopendeza kwa namna ya kutisha.

Nilimpigia binti ya mzee. Alikuwa muungwana lakini amechoka. Akaniambia upasuaji haukwenda vizuri, babake ana homa, kidonda kimepata maambukizi, na tafadhali, dadangu, habari yoyote mbaya ya nyumbani asiisikie kwa sasa. Nikasema sawa. Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine anayejua mambo haya. Akasema babake ndiye anayejua.

Wale wa maduka ya samaki mjini niliwauliza. Mmoja akasema ongeza mwanga, mwingine akasema punguza. Mmoja akauliza kwani ni mawe gani hayo. Nikapunguza mwanga. Nikapunguza kasi ya pampu. Nikakaa kwenye stuli mbele ya kioo mikono ikiwa mapajani, kwa sababu kila nilichokigusa kilikuwa kinaharibika.

Mama alipopiga kuuliza kama maji yanatosha, alisikia sauti yangu akajua. Nikamwambia wanakufa. Hakuelewa vizuri ni kina nani, lakini Jumatano aliinuka kwenye ushirika wa akina mama akaomba binti yake aombewe, kwa sababu wenzake wa kazini wanaugua sana na madaktari wameshindwa. Waliomba kwa bidii. Mama mmoja alilia. Na Alhamisi mama, kwa kutaka kusaidia, akatuma mitungi kumi badala ya minane.

Mzee alianza kupata nafuu, akaanza kunitumia ujumbe wa sauti. Sauti ilikuwa nyembamba, inapumzika katikati ya maneno. Hakuwa anauliza kuhusu nyumba. Alikuwa anauliza moja tu, limefunguka?

Nilisimama mbele ya vichwa sita vilivyobaki, vyote vimefumba, nikabonyeza kitufe nikasema limefunguka, mzee, ugua pole. Wiki iliyofuata vilikuwa vitano nikasema hivyohivyo. Nilikuwa najiambia namtii binti yake. Soja alikuwa amenisikia mara ya pili, alikuwa ameingia kuchukua mitungi mitupu. Hakutania. Alivua kofia, akaitazama ile mifupa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ndilo lile lile. Nikasema ndilo. Akabeba mitungi akaenda, na tangu siku hiyo hakuniita daktari.

Kisha siku moja adhuhuri simu ikalia na haikuwa ujumbe, ilikuwa video. Nilipokea kabla sijafikiri. Mzee alikuwa ameegemea mito, amekonda, miwani imemkalia vibaya. Nikamwelekezea samaki. Walikuwa wazuri, wamenenepa, wakaja mbele ya kioo.

"Hao nimewaona," akasema. "Peleka katikati."

Nikapeleka. Picha ikawa inaruka. Aliniambia niishike simu kwa mikono miwili. Halafu akanyoosha miwani, akasogeza uso karibu na simu.

"Vingapi vimebaki?"

"Vinne."

"Na ulikuwa unaniambia limefunguka."

"Ndiyo, mzee."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alianza kuniuliza maswali moja baada ya jingine, kwa sauti ile ya kazini. Samaki wanakula? Wanakula. Konokono? Walikufa kwanza. Kamba? Yeye ndiye wa kwanza kabisa. Chumvi, joto, chokaa, nikamsomea. Akauliza maji natoa wapi. Nikamweleza mambo ya mashine na kichujio, nikamwambia nilitafuta mazuri zaidi, ya mvua, kutoka kwa mama.

Akauliza paa la mama ni la nini. Mabati. Ya zamani? Mapya, meupe, ya mwaka huu. Akafumba macho.

"Na mfereji wa tangi?"

"Wa shaba," nikasema, na nikasikia fahari ya mama ndani ya sauti yangu.

Alinieleza polepole. Mabati mapya yamepakwa zinki, na mvua ni maji yenye njaa, hayana kitu ndani, kwa hivyo yanakula yanachopitia. Yakilala kwenye mfereji wa shaba yanakula na huo. Ni kidogo sana, huwezi kuona, na chupa zangu za matone hazikuwa na hata moja ya kupima vyuma. Samaki anaweza kuvumilia. Mnyama asiye na uti wa mgongo, kamba, konokono, tumbawe, hawezi. Na chuma kikishaingia hakitoki na mvuke, kinakaa, unaongeza juu yake kila siku. Nilikuwa kila nikiona wanaugua nawapa tena.

Jambo la kwanza nililouliza halikuwa la tangi. Nilimuuliza, na mama yangu anayanywa, na wadogo zangu.

Akanitazama vizuri, kama amekumbuka mimi ni nani. Akasema mtu ni mkubwa, kiasi hicho hakimdhuru, lakini nimwambie mama kila asubuhi amwage kidogo yaliyolala kwenye mfereji kabla ya kuchota, na akiweza aweke wa plastiki. Kisha akauliza lile duka la kujaza maji ya kunywa bado lipo hapo barabarani.

Lipo. Ni hatua mia mbili kutoka getini. Nilikuwa nalipita kila asubuhi. Wana mashine kubwa ya kuchuja, kama ile ya jikoni kwa mzee lakini mara kumi, na mimi sikuwahi kuwafikiria kwa sababu najua maji yao yanatoka kisimani, na kisima ni adui yangu tangu nilipoota meno. Mzee akasema chukua hapo, leo, na kuna makaa ya kuchujia kwenye kabati la chini, weka yote, na badilisha nusu ya maji. Akasema inaweza kuwa tumechelewa. Akasema "tumechelewa", wingi. Nimekaa na neno hilo.

Mimi na soja tulibeba mitungi kutoka duka la maji mpaka jioni. Nilikoroga chumvi kwenye mapipa mawili na beseni la kufulia. Kesho yake nilibadilisha nusu, keshokutwa robo. Mitungi ya mama ilikuwa imepangwa getini, kumi, imefunikwa kwa karatasi safi chini ya vifuniko ili vumbi lisiingie. Sikuweza kuimwaga. Nilimpa soja akamwagilia miche yake ya sukuma wiki nyuma ya nyumba.

Mama alipiga Jumapili baada ya kanisa. Alitaka kujua wenzangu wa kazini wanaendeleaje, akina mama wameuliza. Nikamwambia wanapata nafuu kidogo, na kwamba mashine ya mzee imetengenezwa, ingawa wiki tatu za Nairobi zilikuwa zimepita na kichujio hakijafika, asitume tena maji, ayaweke ya nyumbani. Nikamwambia na habari ya kumwaga yaliyolala kwenye mfereji, nikasema ni kwa ajili ya vumbi la fundi. Akasema atafanya hivyo. Halafu akasema anashukuru Mungu kwamba maji yake yalifaa. Nikasema yalifaa, mama. Huo ni uwongo wangu mwingine, na huu sijautubu.

Vichwa vinne vikawa vitatu. Vitatu vikakaa wiki nzima, nikaanza kuimba tena, kwa chini chini. Kisha viwili vikaondoka siku moja. Kile kilichobaki kilikuwa upande wa nyuma, kimeelekea ukutani, hata ukitaka kukiona lazima ubane shavu kwenye kioo.

Mzee alirudi akiwa na fimbo mbili. Soja alifungua geti mapema mno, gari likiwa bado kwenye kona. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu asubuhi. Alipita moja kwa moja mpaka sebuleni, akaketi kwenye stuli yangu kwa taabu, mguu umenyooka mbele, akatazama. Vijiti kumi vyeupe. Mwani wa kijani ulikuwa umeanza kuota juu ya baadhi, kama makaburi yasiyotembelewa.

Nikamwambia pole, mzee. Akasema leta msumeno mdogo wa chuma, na beseni, ujaze maji ya tangi.

Hakuweza kusimama kwa muda wa kutosha, kwa hivyo niliingiza mikono mimi. Nililitoa tumbawe lote, zito kuliko nilivyotarajia, nikaliweka kwenye beseni mapajani mwake. Aliligeuza kwa vidole viwili. Alinionyesha mahali ambapo lile tawi lililo hai linaungana na mengine.

"Kata hapa."

"Na nikikosea?"

"Kata."

Nilikata. Unga mweupe ukajaa kwenye maji ya beseni, na harufu ambayo watu huniambia ndiyo ya bahari ikapanda. Yeye alikuwa ameshika upande uliokufa kwa mikono miwili usitikisike. Mfupa ulipokatika alibaki ameushikilia, ile sehemu yote ya vichwa kumi, na mimi nikiwa na kichwa kimoja kidogo mkononi, kimefumba. Nilikibandika kwenye jiwe dogo kwa gundi, nikakiweka mbele, chini, mahali pasipo na mkondo mkali. Kile kipande kikubwa kilichokufa hakuniambia nikipeleke wapi. Alikaa nacho mapajani mpaka suruali ikalowa.

Ni wiki ya tatu sasa. Mashine ya jikoni inafanya kazi, na kuna chupa mpya ya matone ya kupima shaba, ambayo inaonyesha kidogo, na kila wiki inashuka. Konokono bado hatujaleta. Kile kichwa hakijafunguka na hakijafa. Kuna asubuhi naona ncha moja ya dhahabu imechungulia, nikimwita mzee inarudi. Kuna asubuhi hakuna kitu. Hakuna dawa ya kukipa, hakuna cha kuongeza, nimeshauliza mpaka ameniambia niache. Ananisikia nikiingia, na akiwa bado chumbani, hata salamu hatujasalimiana, ananiuliza kwa sauti.

"Kimefunguka?"

Ninabana uso kwenye kioo, naangalia vizuri.

"Hapana, mzee. Bado."

"Haya. Pima."